Uvimbe wa tumboni kwa mtoto ambao sio kansa, sasa mbona bado anapasuliwa?

Mara nyingi uvimbe wa tumboni kwa mtoto hauonwi kwanza na daktari, unaonwa na mama kwenye beseni. Anamwogesha mtoto, mkono wenye sabuni unapita tumboni, anagusa kitu kigumu upande mmoja, anarudi kubonyeza tena kidogo na mtoto wala halii, anapigapiga maji tu. Au nguo iliyokuwa inamtosha mwezi uliopita leo haifungi kiunoni wakati mikono na miguu iko vilevile. Kuanzia hapo usingizi umeisha, manake neno la kwanza linaloingia kichwani kwa mzazi yeyote ni kansa.

Mimi nafanya kazi wodi ya upasuaji wa watoto na nimeshakaa na wazazi wengi siku ya majibu. Daktari akisema "sio kansa" wengine wanalia kwa furaha, wanataka kukusanya vitu waende nyumbani saa hiyohiyo, alafu daktari anaendelea kuongea kuhusu operesheni kubwa au dawa ya miezi mingi na hapo ndo wanachanganyikiwa kabisa. Kama sio kansa, mnakata nini? Swali la haki kabisa, na mara nyingi linajibiwa haraka haraka pale kwenye korido, kwaiyo nataka tulifungue hapa taratibu.

Tuanze na hilo neno. Uvimbe usio kansa ni uvimbe ambao seli zake hazina tabia ya kung'oka na kusafiri kwenye damu kwenda kuota kwenye mapafu au ubongo. Basi, maana yake inaishia hapo. Haisemi kwamba ni mdogo, haisemi kwamba umekaa mahali pazuri, haisemi kwamba utaacha kukua. Na tumbo la mtoto ni chumba kidogo kilichojaa vitu, ini, figo, utumbo wote ule umekunjwa humo, mishipa mikubwa ya damu inapita nyuma karibu na uti wa mgongo, kwaiyo kitu chenye ukubwa wa chungwa kinaweza kuziba mrija wa mkojo, kubana utumbo, au kusukuma kiwambo kinachotenga tumbo na kifua mpaka mtoto anahema kwa shida. Uvimbe unaweza pia kupasuka ukavuja damu, unaweza kujinyonga, yani kujisokota mpaka damu haipiti. Ndo maana madaktari wakishajua jina bado wanajiuliza umekaa wapi na unafanya nini hapo ulipokaa, na majibu ya hayo mawili saa zingine yana uzito kuliko jina lenyewe.

Kabla hatujaingia ndani, sio kila kitu kigumu tumboni ni uvimbe. Kwa mtoto mchanga kabisa chanzo cha kawaida zaidi ni figo, yani figo lililojaa mkojo kwa sababu njia imeziba au figo lililoumbika kama kishada cha vifuko vya maji. Kwa mtoto mkubwa inaweza kuwa choo kilichokaa muda mrefu, au kibofu kimejaa. Na kwa binti mwenye tabia ya kung'oa nywele zake na kuzila, nywele zinajikusanya kwenye mfuko wa chakula miaka na miaka mpaka zinakuwa donge gumu lenye umbo la mfuko wenyewe, na likiguswa kwa nje unaapa ni uvimbe. Lile linatolewa kwa upasuaji lakini anayehitaji kukaa na binti baadaye ni mtaalamu wa afya ya akili, vinginevyo litarudi.

Sasa ini. Uvimbe usio kansa unaoongoza kwenye ini la mtoto mchanga ni hemanjioma, ambao ni mishipa midogo ya damu iliyojiotea kupita kiasi. Huu una tabia tofauti tofauti na hapo ndipo watu wanachanganya. Kuna ule wa peke yake, mmoja, mtoto anazaliwa nao tayari ukiwa umefikia kilele, na huo mara nyingi unanywea wenyewe ndani ya mwaka wa kwanza, kazi ya daktari ni kuupiga ultrasaundi mara kwa mara na kuhakikisha unanywea kweli. Kuna ule wa mingi mingi, na kuna ule uliosambaa ini zima, hii inakua baada ya kuzaliwa, wiki za kwanza na miezi ya kwanza. Uliosambaa ndo unaotisha, manake damu nyingi inapita humo kwa njia ya mkato hadi moyo unachoka kwa kusukuma, alafu kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui, hemanjioma hizi zinatengeneza kimeng'enya kinachoharibu homoni ya tezi ya shingo, kwaiyo mtoto anapungukiwa homoni ambayo ubongo wake unaihitaji kukua wakati tezi yake yenyewe ni nzima kabisa haina kosa. Ndo sababu mtoto mwenye hemanjioma kubwa ya ini anapimwa na homoni za tezi pia, na wengine wanapewa dozi ya homoni kubwa kuliko kawaida.

Dalili ya nje ipo. Kama mtoto mchanga ana vialama vyekundu vilivyoinuka kwenye ngozi, vile vya kama tunda jekundu, na ukivihesabu vinafika 5 au zaidi, anapigwa ultrasaundi ya ini hata kama tumbo linaonekana zuri. Kuhesabu ni kazi ya dakika 1 na nguo zikiwa zimevuliwa zote, kichwani kwenye nywele pia, kwapani, chini ya nepi.

Na dawa yake ina historia nzuri. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, akiwemo Christine Léauté-Labrèze, waliandika kwamba mtoto waliyempa propranololi kwa ajili ya matatizo ya moyo, hemanjioma yake ya usoni ilianza kufifia. Hawakuwa wanaitafuta hiyo. Wakajaribu kwa wengine ikafanya kazi, na leo propranololi ndo dawa ya kwanza kwa hemanjioma zinazosumbua, za ngozi na hizi za ini. Zamani kabla ya hapo ilikuwa steroidi kwa wingi na madhara yake. Ila sio dawa ya kujianzishia, inaweza kushusha mapigo ya moyo na kushusha sukari, ndo maana wazazi wanasisitiziwa mtoto anyonye kabla ya dozi na akiwa anatapika au hataki kula basi dozi isimamishwe na daktari aambiwe.

Ya pili kwenye ini inaitwa hamatoma ya mesenkaima, jina refu kwa kitu ambacho ukikiona kwenye ultrasaundi ni mkusanyiko wa vifuko vya maji na tishu laini, wengi wanaoipata hawajafika miaka 2. Tumbo linakua polepole, mtoto anacheza, anakula. Hii inakatwa, na sababu sio kubana tu, ni kwamba mara chache sana, miaka baadaye, imewahi kugeuka kuwa sarkoma ya ini, ambayo ni kansa. Kwa vijana kuna adenoma ya ini, uvimbe mwingine usio kansa, inayohusiana na vidonge vya homoni na pia na ugonjwa wa kurithi wa ini kushindwa kuachia sukari iliyoihifadhi, na ikikua sana inaweza kuvuja damu.

Twende kwenye sisti za limfu, sisti ni kifuko kilichojaa maji, manake hizi zinadanganya kuliko zote. Limfu ni yale maji meupe yanayozunguka mwilini kwenye vijia vyake, na kwenye utando unaoshikilia utumbo, unaoitwa mesenteri, kuna vijia vingi sana vya limfu. Vikikosea kuungana tangu mtoto yuko tumboni kwa mama yake, maji yanajikusanya, vifuko vinavimba. Zamani iliitwa uvimbe, limfanjioma, siku hizi wataalamu wengi wanaiita hitilafu ya uumbaji wa vijia, sababu seli zake haziongezeki ovyo kama za uvimbe, ni mabomba tu yaliyokosewa kuungwa. Ni nadra, makadirio yanayotajwa ni kama mtoto 1 kati ya 20,000 wanaolazwa hospitali. Lakini imejulikana siku nyingi, imetajwa kwenye kitabu cha daktari Antonio Benivieni wa Florence kilichochapwa mwaka 1507, alipoikuta kwenye mwili wa mtoto aliyefariki, na ilichukua karibu miaka mia nne, mpaka 1880, ndo Tillaux wa Ufaransa akaweza kuitoa kwa mgonjwa.

Inadanganyaje? Inakua laini. Tumbo linajaa kama la mtu mwenye maji tumboni kwa sababu ya ini au figo, na watoto wengine wamewahi kutibiwa hivo, wakapewa dawa za kukojoza miezi na miezi na tumbo haliendi popote. Tofauti iko kwenye ultrasaundi. Maji ya kawaida ya tumboni yanazunguka kila kona na utumbo unaelea katikati yake, lakini sisti ya limfu ina kuta nyembamba ndani, vyumba vyumba, na utumbo umesukumwa pembeni au nyuma. Aliyeshika kile kifaa akiwa na haraka anaweza asizione zile kuta manake ni nyembamba kweli. Nikiambiwa mtoto ana maji tumboni, ini zima, figo zima, moyo mzima, huwa naomba arudiwe ultrasaundi na mtu mwingine.

Alafu kuna siku inaacha kuwa pole. Sisti ikivuja damu ndani yake yenyewe inavimba ghafla, mtoto aliyekuwa mzima jana leo ana maumivu na homa, wanadhani ni kidole tumbo. Au uzito wake unavuta utumbo unajizungusha, na utumbo ukijizungusha unakosa damu, hiyo ni ya masaa sio ya siku. Matibabu ni kuitoa, na kwa sababu mara nyingi inashirikiana mishipa ya damu na utumbo inabidi kipande cha utumbo kiende nayo, kitu ambacho mzazi anapaswa kuambiwa kabla. Pale ambapo imesambaa kiasi kwamba kuikata yote ni kumharibu mtoto, wanaweza kuingiza dawa ndani ya vifuko ya kuvinywesha, kama doksisaiklini au bleomaisini, au kutumia dawa ya kunywa inayoitwa sirolimusi. Kilichoachwa kinaweza kujaa tena.

Sasa mabinti. Hapa nina la moyoni.

Nakumbuka binti aliyeletwa kwetu na tumbo kama la miezi 7. Mwembamba, anatazama chini, anajibu kwa kichwa tu. Kwenye mafaili yake kulikuwa na vipimo vya mimba 3, vya siku tofauti, vyote havina kitu, na bado mtu aliyefuata aliagiza cha nne. Miezi karibu yote ile hakuna aliyemlaza kitandani akamwekea ultrasaundi tumboni. Alipowekewa ilionekana ndani ya dakika mbili, sisti moja ya ovari, yani kiungo cha mayai ya uzazi, imejaa maji kuanzia kwenye nyonga mpaka juu ya kitovu, na ilipotolewa haikuwa kansa. Siku anaondoka alikuwa anaongea sentensi nzima. Kilichomuumiza zaidi hakikuwa ile sisti, ilikuwa kutoaminiwa, na hilo halikuhitaji kutokea, kipimo cha mimba kikitoka hakuna basi swali la pili ni "sasa hiki ni nini" sio "una uhakika?"

Uvimbe mwingi wa ovari kwa mabinti sio kansa, na unaoongoza ni teratoma iliyokomaa, wengine wanaiita sisti ya dermoidi. Ovari ina seli ambazo kazi yake ya baadaye ni kutengeneza mtu kamili, ngozi, nywele, mfupa, kila kitu, na moja ikianza kazi hiyo mapema yenyewe bila mbegu ya mwanaume, inatengeneza vipande bila mpangilio. Ukiufungua unakuta mafuta mazito ya rangi ya njano yanayoganda yakipoa, nywele zimejifunga ndani yake, na saa zingine jino, jino kabisa lenye mzizi limesimama ukutani. Mara ya kwanza kuliona nilinyamaza muda mrefu. Nayaandika haya wazi sababu familia zikiambiwa kilichotoka kilikuwa na nywele na meno maneno yanaanza. Haina uhusiano wowote na ngono, sio mimba iliyoharibika, sio kitu alichokula, na hakuna mtu aliyemfanyia. Hata kitoto cha kike kichanga kinaweza kuwa nayo. Aina hii hii ya uvimbe hutokea pia mwisho wa uti wa mgongo kwa watoto wanaozaliwa, karibu mtoto 1 kati ya 35,000 hadi 40,000, wengi wao wa kike.

Hatari yake kubwa kwa binti ni kujinyonga. Ovari inaning'inia kwenye shina lenye mishipa ya damu, ikiwa nzito inazunguka na shina linajisokota. Maumivu yanakuja ghafla upande mmoja chini, makali, pamoja na kutapika, na yanaweza kupoa kidogo alafu yakarudi, na huko kupoa ndo kunakodanganya watu wamrudishe kitandani. Upande wa kulia yanafanana na kidole tumbo. Binti wa namna hiyo anahitaji ultrasaundi siku hiyohiyo. Na jambo la kujua ni kwamba ovari iliyojinyonga hata ikionekana nyeusi pale kwenye operesheni, mara nyingi ikisokotolewa na kuachwa inapona, kwaiyo rangi peke yake sio sababu ya kuitoa. Vivyo hivyo teratoma iliyokomaa inaweza kumenywa kutoka kwenye ovari na ovari ikabaki. Kwa mtoto wa miaka 12 tofauti ya kumenya na kung'oa ni kubwa, hasa ukijua kama mmoja kati ya 10 anaweza kuwa nayo pande zote mbili. Mzazi muulize daktari kabla ya siku ya operesheni, "ovari itabaki?" Ni swali halali kabisa.

Nyuma ya tumbo, pembeni mwa uti wa mgongo, kuna ganglioneroma, unaotokana na neva na kuonekana zaidi kwa watoto wakubwa na vijana. Unakua polepole mno na una kawaida ya kukumbatia mishipa mikubwa ya damu. Hapa ndo utaona daktari mzuri anaamua kuacha kipande, au kutokata kabisa na kufuatilia kwa picha, sababu kukitoa kipande kilichokumbatia mshipa mkuu kunaweza kumdhuru mtoto kuliko uvimbe wenyewe. Figo nalo lina lake, nefroma ya mesoblasti, uvimbe wa figo unaoongoza miezi 3 ya kwanza ya maisha, saa zingine unaonekana kwenye ultrasaundi ya mama kabla hajajifungua na mama anakuwa na maji mengi ya uzazi. Figo hilo linatolewa, na kwa wengi matibabu yanaishia hapo.

Kuna pia zile za katikati, ambazo mtu akikwambia "sio kansa" amekosea kidogo na akikwambia "ni kansa" amekutisha bure. Ule wa kongosho unaowapata zaidi wasichana na wanawake vijana, uliowahi kuitwa uvimbe wa Frantz, ni mmoja wao. Unakatwa wote, wengi sana wanapona, lakini una uwezo mdogo wa kusambaa kwaiyo hauachwi tu.

Vipimo vyenyewe. Ultrasaundi kwanza, haina mionzi na haina maumivu. Baada ya hapo MRI au CT, mashine za kupiga picha ndani ya mwili, CT ni ya haraka ila ina mionzi, MRI haina mionzi ila mtoto mdogo inabidi alazwe usingizi. Damu inapimwa alfafetoprotini, aina ya protini, na hapa naomba tuelewane, hicho kipimo kinapanda kwenye baadhi ya kansa za ini na za ovari lakini mtoto anazaliwa nacho kikiwa juu sana kwa kawaida, makumi ya maelfu, kinashuka polepole mpaka kufikia cha mtu mzima akikaribia mwaka. Nimeona mzazi wa mtoto wa wiki 3 ameshika karatasi yenye alama nyekundu kwa sababu mashine imelinganisha na mtu mzima. Majibu yake yasomwe kwa umri wa mtoto.

Wazazi wengi wanauliza kwanini wasichome sindano wajue mapema. Inafanyika kwa baadhi, lakini uvimbe wa ovari kwa mfano hauchomwi, sababu kama kumbe ni kansa umeshaimwaga tumboni, na kwa ule wa neva sindano inachukua kipande kimoja tu, kilichobaki kinaweza kuwa na tabia nyingine. Kwa sababu hiyohiyo tumbo lisikandwe nyumbani wala lisibonyezwebonyezwe na kila ndugu anayekuja kusalimia, mpaka ijulikane ni nini. Baadhi zina ganda jembamba.

Baada ya operesheni kilichotolewa kinaenda maabara ya patholojia na jibu linachukua siku kadhaa hata zaidi, na hilo ndo jibu lenyewe, yale ya mwanzo yote yalikuwa makadirio ya picha. Omba nakala ya hiyo karatasi uitunze pamoja na kadi ya mtoto. Ina jina kamili la uvimbe na inasema kama kingo zilikuwa safi, yani kama umetoka wote, na hicho ndo kinaamua mtoto arudi lini. Nefroma ya mesoblasti ikirudi huwa inarudi mapema, zaidi ndani ya mwaka wa kwanza, kwaiyo ultrasaundi za mwaka huo haziahirishwi. Aliyetolewa teratoma ya mkiani, ile ya mwisho wa uti wa mgongo, anafuatiliwa miaka kadhaa kwa kuguswa na kupimwa alfafetoprotini. Mwenye sisti za limfu tumbo likianza kujaa tena arudishwe hata kama tarehe haijafika, na binti aliyebakishiwa ovari zake aelezwe yeye mwenyewe, sio mama yake peke yake, maumivu ya kujinyonga yanaanzaje na aseme kwa nani yakianza usiku.